Mzee Nyang'au na Nyumba Asiyoingia

Mzee Nyang'au ni jirani yangu wa ua. Kati ya jikoni kwangu na nyumba ya mtoto wake Omosa kuna michongoma tu na mfereji mwembamba, na mtu akipiga chafya upande ule mimi namwambia "pole" bila hata kupaza sauti. Tumekaa hivyo miaka ishirini na mbili hapa karibu na Sotik. Yeye ni Mkisii, sisi ni Wakipsigis. Yeye anaomba Jumamosi, mimi Jumapili, na Mungu ametuvumilia wote wawili.

Ni mzee wa miaka sabini na tatu, mwembamba, kichwa hakina unywele hata mmoja, na meno ya mbele yamebaki mawili ambayo hayaelewani. Alitoka upande wa Nyamira akiwa kijana, akachuma chai kwenye mashamba makubwa, halafu akachukuliwa kiwandani. Huko alipewa kazi ya kuosha vikombe katika chumba cha kuonja chai, na aliviosha miaka ishirini na sita. Anapenda kusema kwamba wakubwa walikuwa wanaonja, lakini aliyekuwa anajua chai ni yeye. Alipostaafu alikuwa amenunua ekari moja na nusu. Akapanda chai yake, akafuga ng'ombe wawili, akamkatia Omosa pahali pa kujenga.

Kwa wajukuu wake huyo mzee ni mtoto mwenzao. Kwao hiyo inaruhusiwa. Mjukuu anaweza kumwambia babu yake neno lolote, na babu anamrudishia. Wao humwita Sokoro, ndiyo babu kwa Kikisii. Asubuhi ninasikia Onchiri, yule wa miaka kumi, akimsalimu hivi: "Sokoro, umeamka? Tulidhani tumerithi ng'ombe." Na mzee anajibu, "Ng'ombe wamesema hawataki kurithiwa na mtu mwenye kichwa kama boga." Hiyo ndiyo habari ya asubuhi yao, halafu wanakunywa chai.

Lakini kwa Drusilla, mke wa Omosa, mzee ni mtu mwingine kabisa. Hapo kuna heshima ambayo wao wanaiita chinsoni. Hamtanii, hamshiki mkono, na haingii nyumbani kwake. Haingii kabisa. Baba kuvuka mlango wa mtoto wake aliyeoa ni jambo zito kwao. Wazee wangeitwa na mnyama angechinjwa. Omosa alipokuwa anajenga, mzee mwenyewe ndiye aliyepigilia mlango. Siku Drusilla alipoletwa, mzee alitoka, akaurudisha ule mlango polepole, akawa mtu wa nje. Hiyo ni miaka kumi na moja. Viti vimenunuliwa, televisheni imenunuliwa, yeye hajui vimekaa upande gani. Akitaka jambo husimama mbali, karibu na kibanda cha kuku, anakohoa mara mbili. Na Drusilla akitoka humjibu huku akiangalia kuku.

Sasa nitasema habari ya ile Jumatano ya Aprili, shule zikiwa zimefungwa.

Velma, yule mdogo wa miaka mitano, alikuwa ametoka hospitali Jumatatu. Numonia ilikuwa imemlaza siku tisa. Mimi na Drusilla tuliomba kando ya kile kitanda mpaka maneno yakaisha, tukawa tunaomba kwa kunyamaza. Daktari alipomruhusu alimwambia mama yake, "Huyu asiguswe na mvua, asichezee maji baridi, wiki mbili. Hicho kifua kikirudi tena kabla hakijapona, mimi sitakudanganya." Drusilla aliyabeba hayo maneno nyumbani kama mtu aliyebeba mayai kwenye kikapu.

Lakini chai haijui mtoto ametoka hospitali. Majani ya Drusilla yalikuwa yamechumwa asubuhi, lori la kiwanda lingekuja mapema kituoni, na dawa za Velma zilizobaki zilikuwa kwa mwenye duka la dawa pale Sotik. Mama Mongina, mke wa mzee, alikuwa kwa dada yake huko Keroka. Omosa alikuwa kazini, yeye ni fundi wa mawe. Na mimi nilikuwa nimeteguka mguu Jumapili nikishuka ngazi za kanisa, nimeuweka juu ya kigoda hapo dirishani jikoni, umefura kama mkate.

Kwa hiyo saa sita, mbingu zikiwa safi, nilimwona Drusilla amesimama na kikapu mgongoni anaongea na kuku.

"Baba, ninaenda mara moja. Watoto wako ndani."

"Nenda salama," mzee akasema. Alikuwa anapasua kuni.

"Velma asitoke, Baba. Hata kidogo."

"Hatatoka."

"Na mvua ikija?"

Mzee akaangalia juu, akaona hakuna wingu hata la dawa. "Hata ikija ya Nuhu. Nimesema hatatoka."

Hakuna mtu aliyemlazimisha kusema habari ya Nuhu.

Drusilla hakuwa amefika barabarani nikaona wingu likipanda kutoka upande wa Kericho, jeusi, linakuja kama mtu aliyetumwa. Ndani ya ile nyumba walikuwa wanne: Onchiri, ndugu yake Bosire wa miaka minane, Velma, na mjukuu wangu Chelimo ambaye alikuwa ameenda kucheza. Chelimo ana miaka tisa, na maneno mengi ya hapa nimeyapata kwake, kwa sababu yeye husema yote, hata ambayo hujauliza.

Matone ya kwanza yalipoanguka, mzee alitupa shoka akakimbia mpaka chini ya mabati ya nyumba ya Omosa. Hayo mabati yametokeza kidogo sana ukutani. Ukisimama hapo, pua inakauka na mgongo unalowa. Mlango ulikuwa wazi na komeo lake liko ndani, kwa hiyo hakuweza hata kuwafungia. Akasimama kati ya mlango na dirisha, akachungulia kwenye vyuma vya dirisha.

"Hamjambo, wafungwa."

"Wewe ndiye unalowa," Bosire akamwambia. "Nani mfungwa?"

Nikamwita kutoka jikoni kwangu, "Mzee! Ingia ndani bwana, Mungu ataelewa!"

"Mungu ataelewa," akanijibu, "lakini ndugu zangu?"

Chelimo naye, ambaye kwao babu huingia popote penye chakula, alikuja mlangoni akamshika mkono amvute. Onchiri akapiga kelele, "Mwache! Akiingia tutachinja mbuzi, na mbuzi ni wangu!" Ndipo ukaanza ubishi ambao ulitumia kama nusu saa nzima ya mvua, na namshukuru Mungu kwa huo ubishi. Walikuwa wanataka kujua nyumba inaanzia wapi.

"Kizingiti ni nyumba?" Chelimo akauliza.

"Kizingiti ni nyumba."

"Na ngazi?"

"Ngazi ni nje," Onchiri akasema, kama hakimu. "Ngazi hata mbwa analala."

"Na Sokoro akiingiza mkono kwa dirisha?"

Hapo wote wakamgeukia Onchiri. Mzee akaingiza kidole kimoja kati ya vyuma. "Hiki je?"

"Kidole si mtu," Bosire akasema.

Akaingiza viwili. Akaingiza vitano. Velma akapiga makofi, "Ameingia! Ameingia! Lete mbuzi!"

"Mkono mpaka kiwiko si mtu," Onchiri akaamua. "Ukipita kiwiko, wewe ni mgeni wa ndani."

"Na kichwa changu?"

"Kichwa chako hakipiti. Boga ni hicho, si changu!"

Watoto walicheka mpaka Velma akakohoa. Nilimwona mzee akikisikiliza kile kikohozi, shingo imenyooka. Kisha akasema kwa sauti ya ofisini, "Haya. Mama yenu aliacha chupa ya chai?"

"Aliacha."

"Leteni vikombe vyote vya hii nyumba. Leo tunaonja chai. Na anayeonja amevaa sweta, amejifunika blanketi, amekaa mbali na mlango. Mwenye mguu baridi hajui ladha."

Ule ulikuwa uongo, lakini Velma alikimbia mwenyewe kuchukua blanketi.

Kama hujawahi kuona watu wakionja chai kiwandani, wanafanya jambo ambalo sisi tulipolifanya nyumbani tulichapwa. Wanachukua kijiko kimejaa, wanaivuta kwa kelele kubwa mpaka inapiga kaakaa, wanaizungusha, wanaitema kwenye ndoo, halafu wanasema neno moja kama mchungaji. Mzee Nyang'au aliwafundisha akiwa nje ya dirisha, maji yanateremka kwenye shingo yake.

"Vuta! Si hivyo, hiyo ni paka. Vuta kama ng'ombe amepata mto."

"Shrrrrp!"

"Hiyo ni paka mkubwa. Tena!"

"SHRRRRRRP!"

"Hapo! Mkubwa wetu angelia. Sasa tema. Sema!"

"Tamu," Bosire akasema.

"Mtaalamu hasemi tamu. Tamu ni neno la mtu mwenye njaa. Sema, hii chai imekaa vizuri lakini imechoka kidogo."

Basi ikawa ni kelele. Nilikuwa nikisikia mvua, na katikati ya mvua shrrrp, na beseni la kutemea likilia twaa, na sauti ndogo ya Velma ikisema, "Hii imekaa vibaya na ina miguu mirefu." Walionja chai, wakaonja maji ya moto, wakaonja uji wa asubuhi. Halafu wakamwambia mzee afumbe macho naye aonje, wakawa wanapitisha kijiko dirishani. Walimpa chai yenye chumvi. Akasema, "Hii imechumwa karibu na bahari." Walimpa supu ya mboga ya jana, ile chungu. Akakunja uso wote ukawa kama ngumi, akasema, "Hii imechumwa na mke asiyependwa." Mimi kwangu nilicheka mpaka nikausahau mguu, nikausimamia, nikaita jina la Yesu.

Halafu chai ikaisha. Onchiri aliigeuza chupa ikatoa tone moja. Na wakati huo huo tukasikia tok. Kisha tok, tok. Kisha mabati yote yakalia kama lori limemwaga kokoto.

Watu wa huku tunaijua mvua ya mawe. Inachanachana chai shambani hata mtu mzima hutaka kulia. Lakini kwa mtoto ni sikukuu. Mawe yanaruka nyasini kama mahindi kwenye sufuria, meupe, yanang'aa, na kila mtoto wa Kericho na Bomet amewahi kuyaokota na kuyala. Hakuna hadithi wala wimbo unaoweza kushindana na hayo. Na kwa kelele ya mabati mzee hakusikika tena. Nilimwona mdomo ukifunguka na kufungika dirishani, hakuna neno.

Onchiri alitoka wa kwanza, na sufuria kichwani. Bosire akatoka na ungo. Chelimo wangu akatoka na kiti. Walimpita babu yao kama maji.

Na nyuma yao Velma, bila viatu, blanketi linaburuta, akaja akasimama kwenye kizingiti.

Ndugu yangu, nilishika fimbo nikajaribu kuinuka, mguu ukakataa. Mzee alikuwa kwenye ngazi, maji yanamtoka kila mahali kama mtu aliyetolewa kisimani. Angemshika angemlowesha yeye mwenyewe. Na kumrudisha ndani kwa mikono ni kuingia.

Chelimo anasema mzee aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wa Velma, akamwuliza kwa sauti kubwa, "Wewe ndiye karani?"

"Karani gani?"

"Karani wa kituo cha majani! Wakulima wamekuja na mizigo, kituo hakina karani. Kiti chako kiko wapi? Mwiko wako uko wapi?"

Velma amewahi kupelekwa na mama yake kwenye kituo mara nyingi. Amemwona karani akiwa amekaa pakavu, wakulima wakiwa wamepanga laini juani na mvuani, na karani akitia kijiti kwenye majani na kusema haya sawa, haya rudisha. Nadhani hakuna mtu duniani ambaye Velma alitamani kuwa kama yeye kuliko huyo karani. Aligeuka mbio. Nikaona kupitia mlango akivuta kiti mpaka katikati ya sebule, anapanda, anajifunika blanketi mpaka kidevuni, mwiko mkononi.

"Panga laini!" akasema. Sauti hiyo hata mimi niliisikia.

Na mzee akaingia kazini. Alimvua Onchiri sufuria akaivaa yeye, akaweka gunia mabegani, akatoka kwenye ile mvua ya mawe na beseni, akawa anakusanya. Ting! ikalia sufuria. Ting! Ting-ting! Watoto waliokuwa nje walianguka kwa kicheko. Alijaza beseni, akakimbia, akaliweka juu ya kizingiti, Onchiri akalivuta mpaka mbele ya karani.

Velma akatia mwiko, akakoroga, akafikiri.

"Rudisha."

"Kwa nini, karani?"

"Ni magumu."

"Ni barafu, karani!"

"Mimi nataka majani mawili na kichipukizi. Haya hayana kichipukizi. Rudisha!"

Mzee akamwaga, akarudi. Ting-ting-ting. Akaleta mengine.

"Haya yana matope. Unatoka wapi wewe?"

"Natoka mbali sana, karani."

"Mbali wapi?"

"Hapo kwa kuku."

"Mwambie mke wako achume vizuri."

Bosire akajaribu kuleta na ungo, akaambiwa laini hairukwi. Chelimo akaleta mawe matano amechagua mazuri, akaambiwa leo kituo hakipokei watu wanaocheka. Kila aliyekataliwa alirudi nje akilalamika kama mkulima kweli kweli, "Huyu karani ni mkali, huyu tutamshtaki," na mzee ndiye aliyelalamika zaidi ya wote. Mimi hapa dirishani nilikuwa nalia machozi ya kucheka na nikiomba kwa wakati mmoja, "Ee Baba, mweke kwenye hicho kiti. Mweke tu kwenye hicho kiti."

Akakaa. Sijui dakika ngapi. Na ndipo Bosire, huko kwenye kibanda cha kuku, akapiga ukelele, "Jamani! Hili ni kama yai la bata!"

Yai la bata! Karani alisahau kazi. Blanketi likaanguka, mwiko ukaanguka, Velma akaruka chini akakimbilia mlangoni.

Mzee alikuwa kwenye kona ya kibanda. Alimwona. Alikimbia, lakini kukimbia juu ya mawe ya mvua na gambuti za mpira ni kama kukimbia juu ya maharagwe yaliyomwagika. Miguu ilikwenda Kisii na Bomet, sufuria ikaruka kichwani, beseni likapaa. Alifika kwenye ngazi anateleza, na Velma tayari ameinua mguu mmoja juu ya kizingiti, mguu uko hewani, haujashuka.

Na yule mzee akapiga magoti.

Kwenye ngazi ya nyumba ya mtoto wake, kichwa wazi, mawe yanampiga upara tok, tok, alipiga magoti akainua mikono miwili.

"Karani! Naomba msamaha!"

Velma akasimama na ule mguu juu.

"Majani yangu yalikuwa mabaya! Nimekosa! Usifunge kituo! Ukitoka, kituo kimefungwa na sisi wakulima tumekwisha! Rudi ukae, nihukumu!"

Hajawahi mtoto wa miaka mitano kuombwa hivyo. Aliurudisha mguu ndani. Akaangalia babu yake juu mpaka chini, akavimba kama kifaranga. "Kaa hapo hapo," akamwambia. "Nafikiria." Akarudi kwenye kiti, akapanda, akavuta blanketi, akatafuta mwiko wake kwanza, bila haraka.

Ni hapo Drusilla alipotokea.

Alikuja kwa njia ya michongoma, amejifunika karatasi ya plastiki, dawa amezishika kifuani. Nilimwona kabla hajamwona mzee, halafu nikaona anamwona. Ninataka uelewe alichokiona. Baba mkwe wake, mtu ambaye kwa miaka kumi na moja hajakaribia ule mlango, amepiga magoti mlangoni pake, kichwa wazi kwenye mvua ya mawe, mikono juu mbinguni. Mwanamke wa Kikisii akiona hivyo anajua jambo moja tu. Hakuna kingine kinachoweza kumpigisha magoti mzee hapo.

Plastiki ilianguka. Alipiga ukelele ambao ulipita mvua na mabati. "Velma wangu! Baba, Velma ametuacha?"

Mzee akageuka kwa shingo tu. Alitaka kusimama, magoti yakakataa. Akafungua mdomo, na kabla hajasema sauti ikatoka ndani, kali, ya kuchoshwa na watu:

"Nani huyo anapiga kelele kituoni? Panga laini, mama! Nyuma ya huyu mzee wa majani mabaya!"

Drusilla akasimama kama mtu aliyekatiwa stima. Akaangalia mlango. Akaangalia mzee. Akaona sufuria nyasini, beseni juu ya michongoma, Chelimo na kiti kichwani, Bosire amekumbatia jiwe lake la barafu. Akaketi chini kwenye matope. Alianza kama analia, mabega yanatikisika, leso mdomoni, na mvua nayo ilikuwa imeanza kuchoka. Ndipo leso ikashindwa. Alicheka. Mbele ya baba mkwe wake, jambo ambalo hajafanya tangu aolewe, alicheka mpaka akalala ubavu, akisema, "Nisamehe Baba, nisamehe Baba," na kila akisema anacheka upya.

Mzee naye hakuweza kucheka, kwa heshima, na hakuweza kusimama, kwa magoti. Alibaki pale anaangalia ukuta kwa makini sana, mabega yake yakiruka yenyewe.

"Onchiri," Drusilla akasema alipopata pumzi, uso ameuelekeza kwa kuku, "msaidieni Sokoro wenu."

Yeye hawezi kumshika, unakumbuka. Kwa hiyo watoto watatu wakamshika, Onchiri kwapani, Chelimo kwa mkanda, Bosire akisukuma nyuma, na Drusilla akiwaongoza akiwa amewapa mgongo: "Bosire, polepole! Chelimo, si suruali, utaivua!" Ndani karani akapiga mwiko kwenye kiti akisema hajamaliza kuhukumu. Mzee aliinuka kidogo kidogo, akilia kama mlango wa zamani.

Aliposimama wima alirudi nyuma hatua tatu kutoka kwenye ngazi, akatengeneza gunia lake mabegani kana kwamba ni koti la kanisani, akakohoa mara mbili. Drusilla akajua anaruhusiwa kupita. Akaingia.

Mimi nilikuwa nimeshika vyuma vya dirisha langu kwa mikono miwili. Chelimo anasema Drusilla alimshika Velma kichwa, akashika shingo, akaingiza mkono ndani ya sweta mgongoni, akamvua blanketi na kulikung'uta, akashika unyayo mmoja, na wa pili. Akaweka sikio kifuani akakaa hapo muda mrefu, na karani alikuwa akilalamika kwamba mkulima huyu analowesha ofisi.

Kisha akainua macho, akaita kwa sauti ya kutosha kupita ukuta:

"Onchiri! Mwambie Sokoro wenu mtoto ni mkavu."

Onchiri hakuwa na haja ya kusema, mzee alikuwa hatua tatu kutoka mlangoni. Lakini alimwambia, kwa sababu ndivyo inavyofanywa.

Mzee Nyang'au alifikiri. Alivua gambuti moja akaigeuza, yakatoka maji na mawe mawili ya barafu ambayo hayajayeyuka.

"Mwambie mama yenu nimesikia," akasema. "Na mwambie, kama kuna chai, isiwe ya chumvi."